Shekhar Mehta: Mfalme wa tope aliyebeba Safari mara tano

SHABIKI wa Simba akikutana na wa Yanga pale Kibiti, ubishi hauishi. Simba walibeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo hadi 2021, Yanga wakaja nao wakabeba minne iliyofuata. Kila upande unasema wake ndio ulikuwa mgumu zaidi.

Sasa ichukue hiyo minne mfululizo, uitoe kwenye timu yenye kikosi kizima, kocha na benchi la ufundi, umpe mtu mmoja aliyeshika usukani. Halafu muongezee ubingwa mwingine aliokuwa ameshaubeba miaka sita kabla. Jamaa huyo aliwahi kuwepo, na alikuwa mtu wa Afrika Mashariki. Anaitwa Shekhar Mehta, bingwa wa Safari Rally mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982.

Vijana wengi wa leo hawamjui. Lakini kama kuna mahali ambapo sifa yake ingeeleweka bila maelezo mengi, basi ni Ngarambe.

Ukiacha lami iendayo Lindi na kuingia ndani kuelekea Ngarambe, msimu wa masika refa ni mvua. Mwendo wa kiangazi usiukumbuke. Bodaboda anavua viatu, anakunja suruali, abiria anashuka na kutembea kwa miguu huku pikipiki ikisukumwa. Gari likikwama, abiria wote chini, na wawili au watatu wenye miili wanapanda nyuma kwenye bampa kuongeza uzito ili tairi zishike. Timu inayokwenda kucheza ugenini inaweza kufika uwanjani imeshachoka kabla ya filimbi ya kwanza.

Safari Rally ilikuwa hivyo hivyo, ila kwa kilomita zaidi ya 5,000, usiku na mchana, na saa inahesabu.

MASHINDANO YA PASAKA

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, enzi za ukoloni, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika Pasaka, na Pasaka yetu huku inaangukia kwenye masika. Waandaaji walijua wanachofanya. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Hayo mengine yaliishia mitoni, kwenye tope, mtaroni au chini ya mti fulani na mafundi wakikuna vichwa.

Ngarambe inajulikana nchi nzima kwa Kinjikitile Ngwale, aliyewaambia watu mwaka 1905 kwamba maji yatazishinda risasi za Mjerumani. Risasi hazikushindwa. Ila kwenye Safari, maji yaliwahi kuyashinda magari ya Wajerumani. Mercedes, Porsche, wote walikuja na fedha na mafundi wao, na wote waliondoka bila kikombe katika miaka ambayo Mehta alikuwa anakimbia.

Kwa wasiojua mchezo huu, hesabu yake ni nyepesi. Magari hayaondoki kwa pamoja. Kila moja linaondoka kwa zamu, na linapewa muda wa kufika kituo kinachofuata. Ukichelewa dakika moja, unapigwa pointi moja ya adhabu. Mwenye adhabu chache mwishoni ndiye bingwa. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikuwa anakutana na mabasi, ng'ombe, baiskeli na watu waendao kanisani.

Watanzania nao walikuwa na mtu wao. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, alibeba Safari mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Kwa hiyo Mehta alipoingia, hakukuta uwanja mtupu. Alikuta wazee wa kazi.

KIJANA WA UGANDA

Mehta alizaliwa Uganda Juni 20, 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Tuseme ukweli, hakuanza na njaa. Rali haijawahi kuwa mchezo wa chandimu ambao unaweza kuanza na mpira wa makaratasi. Unahitaji gari, spea, mafuta na mafundi. Familia ilikuwa nacho, na akiwa na miaka 21 akaingia kwenye mbio na BMW.

Lakini wenye nacho walikuwa wengi, na wengi wao majina yao hayakumbukwi. Alichokuwa nacho Mehta ni kichwa kilichotulia. Hakuwa dereva wa kutimua vumbi kilomita 200 za mwanzo ili watazamaji wapige makofi. Alikuwa kama kiungo mkabaji anayejua mechi ina dakika 90. Anaacha wengine wakimbie, wapasue rejeta, wavunje shokapu, yeye anakuja taratibu akiokota nafasi moja moja.

Mwaka 1971 Wajapani wakampa gari. Hapo ndipo stori inapoanza kunoga.

GARI LENYE BONETI NYEUSI

Kampuni ya Nissan, ambayo wakati huo magari yake mengi ya nje yaliuzwa kwa jina la Datsun, ilikuwa imeamua mapema kwamba haitatangaza magari yake kwa maneno. Mwaka 1958 ilipeleka vigari vidogo vya Datsun kwenye mbio za kuizunguka Australia na vikashinda daraja lao. Mmoja wa madereva wa msafara ule, Yasuharu Namba, ndiye baadaye aliyekuwa bosi wa timu ya Nissan huku Afrika Mashariki.

Walikuja Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ule ule wa magari 7, na hawakuwemo katika hao 7. Wakarudi. Wakarudi tena. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, akawapa ubingwa wa kwanza kwa Datsun 1600 SSS. Japani walikuwa wameipenda Safari kiasi kwamba mwaka 1969 walishaitengenezea filamu, na staa wao mkubwa Yujiro Ishihara ndiye aliyeigiza kama dereva.

Baada ya ubingwa ule wangeweza kuendelea na gari lile lile. Badala yake walileta 240Z.

Hili lilikuwa gari la kishua. Lilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, jina lililotokana na bosi wa Nissan, Katsuji Kawamata, kuupenda mchezo wa jukwaani wa My Fair Lady. Milango miwili, viti viwili, pua ndefu, mgongo ulioshuka kama wa samaki, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Marekani liligombaniwa. Kule timu ya Peter Brock na dereva wake John Morton walibeba nalo ubingwa wa daraja lao kwenye viwanja vya lami mwaka 1970 na 1971.

Lakini lami ya Marekani ni kitu kimoja na tope la Afrika Mashariki ni kitu kingine. Gari la viti viwili, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma na nyuma hakuna uzito. Dereva yeyote wa pikapu tupu anajua maana yake ni nini ukikuta utelezi. Linacheza mduara.

Nissan walilipaka rangi nyekundu, boneti wakalipaka nyeusi ili jua lisimpige dereva machoni, wakaweka vyuma mbele vya kuzuia wanyama na taa za ziada. Na nyuma wakaweka vishikio. Vile vishikio vilikuwa kwa ajili ya msoma ramani. Gari likianza kuteleza, anatoka ndani, anasimama nyuma, anashikilia, anaruka ruka ili uzito wake uzisaidie tairi. Yaani ile ile ya abiria wa masika, ila hapa anayeruka yuko kwenye timu ya kiwanda cha Kijapani.

Pasaka ya 1971 Herrmann akashinda tena, safari hii kwa 240Z. Wa pili alikuwa Mehta, naye kwa 240Z, msoma ramani wake akiwa Mike Doughty. Shankland na Peugeot yake akawa wa tatu. Kijana wa Uganda mwenye miaka 25 alikuwa amemaliza mbele ya bingwa wa mara mbili.

Mwaka uliofuata Datsun hawakufua dafu. Hannu Mikkola wa Finland alikuja na Ford Escort na kuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuibeba Safari. Wenyeji walikuwa wakisema mgeni hawezi. Mgeni akaweza.

SIKU 90

Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 kuondoka. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, mashamba na viwanda. Wengi walienda Uingereza, wengine Canada na India.

Familia ya Mehta nayo ikaondoka. Shekhar akahamia Kenya.

Hebu lifikirie hilo kimichezo tu, ukiacha siasa. Mchezaji yuko kwenye ubora wake, ameshika nafasi ya pili kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya ukanda wake, halafu anaambiwa nyumbani si kwenu. Mji aliozaliwa haruhusiwi kurudi. Mali ya familia imebaki huko. Kwenye fomu ya usajili atajaza nchi gani? Wapo waliovunjika kwa jambo dogo kuliko hilo, na hakuna ambaye angemlaumu kama angeuza helmeti yake.

Siku 90 ziliisha Novemba 1972. Aprili 1973, miezi mitano tu baadaye, Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia jijini Nairobi ndani ya Datsun 240Z, safari hii kushoto kwake akiwa amekaa Lofty Drews.

Na ile haikuwa Safari ya kawaida. Mwaka 1973 ndio ubingwa wa dunia wa rali ulianza rasmi, na Safari ilikuwa mojawapo ya mbio zake.  Sasa ilikuwa na pointi za ubingwa wa dunia.

TOFAUTI YA MABAO

Mpinzani wake mkubwa alitoka kambi ile ile. Harry Källström wa Sweden, bingwa wa Ulaya wa mwaka 1969, alikuwa na Datsun ya familia, ile 1800 SSS. Mswidi na gari la baba wa watoto, Mehta na gari la kishua.

Walimaliza sawa. Baada ya maelfu ya kilomita, siku na usiku, mito na pancha, walikuwa na idadi ile ile ya pointi za adhabu.

Mashabiki wa soka wanajua kinachofuata timu mbili zikilingana pointi: tunaangalia tofauti ya mabao. Kwenye Safari kanuni ilikuwa tofauti kidogo. Waliangalia nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupigwa adhabu yake ya kwanza. Wakafungua makaratasi ya vituo. Aliyekwenda safi kwa umbali mrefu zaidi alikuwa Mehta.

Kuna watakaosema huo ni ushindi wa mezani. Hapana. Kanuni ilikuwepo kabla ya mbio, na inasema jambo la maana: wakati wengine wanaanza kuharibu, wewe ulikuwa bado hujakosea. Mtu aliyepoteza nchi miezi mitano nyuma alikuwa ametulia kuliko wote mwanzoni, pale ambapo presha inakuwa kubwa zaidi. Kwa ushindi huo akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia wa rali.

Ndiyo, wa kwanza. Na kwenye gari la viti viwili ambalo wengi walidhani ni la kutembelea mjini.

UKAME WA MIAKA SITA

Mwisho wa 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima. Joginder Singh wa Kenya akashinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer na kufikisha ubingwa wa tatu, maana wa kwanza aliupata 1965 kwa Volvo. Peugeot wakashinda, Ford wakashinda. Mehta hakushinda. Jina la ubingwa wa 1973 lilianza kuonekana kama bahati ya mara moja, kama straika aliyefunga mabao 20 msimu mmoja kisha akapotea.

Mwaka 1979 Nissan wakampa Datsun 160J. Ukiiona, huwezi kugeuza shingo. Ni gari la umbo la kawaida, la mtu wa ofisini, injini ya lita 2. Mercedes-Benz walikuja na 450 SLC, injini ya lita 5, magari makubwa yenye nguvu, na kwenye usukani mmojawapo akiwa Mikkola yule yule wa 1972.

Mehta na Doughty wakashinda. Mikkola akawa wa pili.

1980 wakashinda tena, wa pili akiwa Rauno Aaltonen wa Finland, mwenzao wa timu ya Datsun. 1981, sasa kwa Violet GT, Mehta wa kwanza, Aaltonen wa pili tena. Huyu Aaltonen anatia huruma. Alikuwa bingwa wa Ulaya, fundi kwelikweli, alikuja Safari mwaka baada ya mwaka, akaishia nafasi ya pili mara kadhaa na hakuibeba hata mara moja. Mashabiki wanaojua kufungwa fainali dakika za majeruhi watamwelewa.

1982 alikuja Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel Ascona 400. Mwishoni mwa mwaka ule Röhrl ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia. Pasaka ile alimaliza nyuma ya Mehta.

Minne mfululizo. Mitano jumla. Tangu Safari iingie kwenye ubingwa wa dunia, hakuna dereva mwingine aliyeishinda mara tano katika ubingwa huo. Björn Waldegård wa Sweden alifika minne, akaishia hapo. Mfululizo wa minne haujaguswa kabisa.

Nje ya Safari, mwaka 1981 Mehta alimaliza nafasi ya tano kwenye msimamo wa dunia, ikiwemo nafasi ya pili kule Argentina. Mkewe Yvonne naye alikuwa mtu wa rali, na kwenye mbio kadhaa za ng'ambo ndiye aliyekaa kiti cha kushoto kumsomea ramani. Ndoa ngapi zingestahimili hilo, mke anasema kata kulia na mume anakata kushoto, ni swali la kuwaachia wenye ndoa.

MISRI, 1987

Baadaye alihamia mbio za jangwani na timu ya Peugeot, ikiwemo Paris-Dakar ya 1987. Mwaka huo huo, kwenye mbio za Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya. Hiyo ndiyo iliyofunga kazi yake ya udereva, na afya yake haikurudi kuwa ile ya zamani.

Hakuondoka kwenye mchezo. Aliingia upande wa utawala na kuja kuwa rais wa tume ya rali ya shirikisho la dunia, FIA. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa anakaa meza ya kuamua nchi gani ipewe mbio na nchi gani inyimwe. Na ilikuwa katika kipindi hicho ambapo Safari yenyewe, iliyokuwa imechoka kifedha, iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mbio za 2002. Kwa mtu aliyeibeba mara tano, kukaa kwenye meza hiyo mwaka ule hakukuwa kazi nyepesi.

Shekhar Mehta alifariki London Aprili 12, 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa siku nne kabla ya Pasaka.

Lile jina la Z limeendelea: 260Z, 280Z, 300ZX iliyoshinda saa 24 za Daytona mwaka 1994, 350Z, 370Z, na sasa Nissan wanaliita Z tu. Gari jekundu la Herrmann la 1971 limetengenezwa upya na limehifadhiwa na kampuni hiyo kule Japani.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021. Mwaka huo ilikimbiwa kuzunguka Naivasha, kwenye njia zilizofungwa, umbali wa kushindania ukiwa kama kilomita 320 tu. Sebastien Ogier wa Ufaransa alishinda ile ya kwanza kwa Toyota. Mwafrika wa mwisho kuibeba ikiwa kwenye ubingwa wa dunia anabaki kuwa Ian Duncan wa Kenya, mwaka 1994.